Mwanangu, pita upande wa ukuta

Tukuyu, 22 Desemba 2024

Mwanangu Atupele,

Ugonile. Mama yako anakusalimu, bibi anakusalimu, na Lusajo anasema umjibu kuhusu zile raba. Sisi wazima. Mvua haijakatika tangu Alhamisi, Tukuyu unaijua.

Naandika kwa mkono, Lusajo atapiga picha akutumie. Nimemwambia apige bila kusoma. Atasoma.

Video yako iliingia Ijumaa jioni, tukaitazama wote, bibi akiwa ameishika simu juu chini. Nimeiona hiyo barabara ya Kurfürstendamm ya huko kwenu Berlin: miti mitupu isiyo na jani hata moja, imezungushiwa taa kuanzia shina hadi vitawi vya mwisho, mti baada ya mti. Unasema saa kumi jioni giza limeshaingia, ndiyo maana wanawasha mapema. Nimekuona umeshika kikombe kinachofuka mvuke, ukasema unaweka rehani, ukikirudisha wanakupa hela yako. Mama yako akauliza mle ndani mna nini. Nikamwambia chai. Usinisahihishe.

Nimekusikia pia ukimjibu yule muuza lozi za sukari kwa Kijerumani, haraka haraka, bila kutafuta neno. Hiyo sehemu nimeirudia mara nne.

Lakini taa zenyewe sikuzitazama sana. Nilikuwa natazama unapokanyaga. Ulikuwa katikati kabisa ya njia, mgongo umeupa barabara, unarudi kinyumenyume ili lile kanisa lenye mnara uliovunjwa na mabomu ya vita liingie lote kwenye picha. Halafu ukashusha simu kwenye ngazi, kwenye ule ufa wa rangi ya dhahabu wenye majina ya watu pembeni, ukasema, "Baba, hapa ndipo lori liliingia kwenye soko la Krismasi mwaka 2016," kama mtu anayenionyesha duka la viatu. Watu 13 walikufa, Atupele. Na wewe unarudi kinyumenyume.

Jumamosi asubuhi nikafungua redio, Idhaa ya Kiswahili ya DW, redio ya hao hao Wajerumani, kama kawaida. Nikasikia Ujerumani, soko la Krismasi, gari, watu. Jina la mji sikulisikia, nilikuwa nimeshasimama. Nilikupigia mara tisa. Ulipojibu kwamba ulikuwa zamu ya usiku na simu ilikuwa kabatini, mama yako alilia, mimi nikaenda kumwangalia ng'ombe. Mpaka leo watano wamekufa huko Magdeburg, na mmoja wao ni mtoto wa miaka tisa. Unaniandikia kwamba Magdeburg ni mbali. Si mbali. Lusajo ameangalia kwenye ramani ya simu, haifiki kilomita 200. Safari hiyo dereva hasimami hata kwa haja ndogo.

Sikukatazi kutembea. Umefanya kazi mwaka mzima, unawageuza wazee wa watu vitandani, una haki ya kuona taa. Ninachosema ni kwamba upite upande wa ukuta. Usitembee katikati. Ukisimama kunywa hiyo chai, simama penye mlango wa kuingilia, siyo kwenye meza za katikati ya uwanja.

Habari ya mteremko wa Igawilo, enzi zangu za lori, unaijua kama anavyoisimulia mama yako: breki zilikata, baba yenu akaligonga gema, Mungu ni mkubwa. Gema nililigonga kweli. Ila breki hazikujikata zenyewe. Nilikuwa nimeweka nyutro tangu kule juu, kama tulivyokuwa tukifanya wengi, maana dizeli inayobaki kwenye tangi ilikuwa na mnunuzi wake pale Uyole. Gari likiwa nyutro injini haikusaidii kitu, umebaki na mguu wako tu. Ukikanyaga, ukikanyaga, mwisho upepo umekwisha, ngoma zinanuka, na utingo ameshafungua mlango anataka kuruka. Chini walikuwepo akina mama na viazi vyao. Mmoja, mwenye kitenge cha njano, hakukimbia. Alibaki ananiangalia, kopo la kupimia mkononi. Nikakata kushoto. Yule mama yuko mpaka leo, nampita kila nikienda Mbeya, na sijawahi kununua kiazi kwake.

Na kama uliwahi kujiuliza ada yako ya kidato cha kwanza ilitoka wapi wakati kampuni ilikuwa haijatulipa, usijiulize tena.

Kwa hiyo habari za watu wabaya nawaachia polisi wa huko. Mimi nakuambia habari za gari. Kila mtu anadhani akiliona atakimbia. Hakimbii. Anaangalia. Ndiyo maana nasema ukuta.

Nimesikia kwamba lile lori la 2016 lilisimama baada ya mita 70 au 80 kwa sababu lilikuwa la kisasa, likigonga kitu breki zinajifunga zenyewe. Nimeliwaza jambo hilo usiku kucha. Dereva wake halali, yule Mpoland, alikuwa ameshauawa, yumo kwenye kebini. Alikuwa amepeleka mzigo, anasubiri kushusha, kama sisi tulivyokuwa tukisubiri mpakani Tunduma. Angalia kama jina lake nalo lipo kwenye zile ngazi.

Tuyaache hayo. Ile nyota nyeupe yenye ncha nyingi uliyoionyesha juu ya mlango wa duka, ukasema "hizi nyota ziko kila mahali," hukuitambua? Hiyo ni nyota ya Herrnhut, nyota ya Wamoravian. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka huko Herrnhut. Wewe umetoka Tukuyu na ubatizo wako wa Moravian, unaipita nyota ya kwenu kama taa ya duka. Mchungaji alituambia ilianza kama somo la hesabu kwenye shule ya Wamoravian, wanafunzi wajifunze maumbo. Labda ndiyo maana hukuipenda, hesabu na wewe tunajua.

Lusajo anatengeneza moja ya manila kwa ajili ya usharika. Ncha zinatakiwa 25. Amekata, amegundisha, amehesabu, bado anaona tundu moja limebaki, akataka kuanza upya. Nikamwambia acha, upande wa 26 hauna ncha, huo ndio wa kupitishia waya wa taa. Ameniangalia kama vile mimi ndiye nimetoka Ujerumani. Ukipita tena hapo dukani mpigie picha ya ile nyota kwa juu, aone inavyoning'inizwa. Pita upande wa ukuta.

Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza habari zako mbele ya watu. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mama yako akanivuta koti.

Lakini na wewe mpigie mama yako katikati ya wiki. Kumpigia Jumapili tu ni kama kumlipa mshahara. Hasemi, ila Jumatano jioni anaichaji simu ikiwa bado na moto nusu.

Ng'ombe amezaa, jike. Bibi amempa jina Berlin, sijui kama utafurahi. Parachichi mwaka huu mnunuzi alikuja na bei yake mfukoni, tukauza hivyo hivyo, maana haziwezi kutusubiri tugombane. Ukiziona huko dukani usituambie zinauzwa kiasi gani, mama yako anaweza kuugua. Mguu wake umepungua kuvimba, ile dawa uliyomwelekeza anakunywa, chumvi hajaacha.

Hela ya bati ilifika. Yamenunuliwa 12. Jikoni yamekwenda manne. Mengine nimeezeka banda la ng'ombe, kwa sababu alikuwa karibu kuzaa na mvua hizi unazijua. Mama yako anapikia chini ya turubai upande mmoja, ila upande wa moto hauvuji. Asikuambie vingine. Januari nitamalizia, kwa hela yangu.

Krismasi tutakula mbalaga, ndizi zetu za kupika, na yule jogoo mwekundu, amezidi kutukana watoto wa jirani. Najua tarehe 25 uko kazini. Kabla ya kuingia zamu tupigie, hata dakika mbili, bibi amuone mtu mwenye uso wake.

Kitu kimoja. Redio imesema kule Magdeburg vizuizi vilikuwepo, ila waliacha njia ya magari ya wagonjwa, naye akapita humo humo. Kwenye video yako nimeona yale mawe ya zege kando ya barabara, lakini ulikuwa unacheka na simu inacheza, sikuweza kukadiria. Ukienda tena, mchana, siku yenye watu wachache, pima kwa hatua kutoka jiwe hadi jiwe ni hatua ngapi, uniandikie. Hatua zako za kawaida. Zikifika tatu, hapo gari linapita.

Ndimi baba yako.