Bibi Bwana hakusafiri peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu May French Sheldon, Mmarekani aliyekwenda Kilimanjaro mwaka 1891, inasema alisafiri "peke yake". Sivyo. Alikuwa na wapagazi zaidi ya 100, na wengi wao aliwapata Unguja kwa msaada wa Sultani, Sayyid Ali bin Said, baada ya kuhangaika kuwapata Mombasa. Hao ndio waliomwita Bibi Bwana.

Hesabu ya msafara wa wakati ule inaeleza mengi. Mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30, mbali na mkeka na sufuria yake. Fedha haikuwa na kazi bara. Posho ilinunuliwa kwa merikani (kitambaa cha pamba), shanga na nyaya. Na shanga zilikuwa na fasheni: ukibeba rangi isiyopendwa mahali fulani, mzigo mzima unakuwa kokoto na watu wanalala njaa. Kwa hiyo aliyejua njia na bei ndiye aliyeongoza, hata kama kitabu cha safari hiyo, cha 1892, kina jina la mwingine jaladani.

Machela ya ufito ya French Sheldon, aliyokuja nayo kutoka Ulaya, ilihitaji mabega ya watu kadhaa kwa zamu. Wakati wa kurudi ilianguka mtoni kutoka darajani, naye akaumia mgongo. Aliyembeba hadi pwani ni nani, kama si wapagazi haohaohao?

Msomaji wenu,
Tanga