Milioni 75 za Osimhen haziingii mfukoni mwake

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo nimezisoma miaka mingi nikinyamaza. Ile habari ya Victor Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria, mliyoandika kuwa amejizolea euro milioni 75 kwa kutua Galatasaray ya Uturuki akitoka Napoli ya Italia, imenishinda. Kinyozi wa mtaani kwetu ameibandika juu ya kioo, na kila kijana anayekaa kitini anapiga hesabu za utajiri usiokuwepo.

Milioni 75 ni ada ya uhamisho. Galatasaray wanawalipa Napoli, tena kwa awamu. Mchezaji anakula mshahara na bonasi, ambazo zimo kwenye mkataba wake mwenyewe. Mngekosea hapo tu ningewasamehe, lakini mmeruka jambo linalomhusu kila mwenye timu ya watoto Afrika: fungu la mshikamano. Kanuni za FIFA zinakata asilimia 5 ya ada na kuzigawia klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15, kila mmoja una asilimia 5 ya fungu. Kuanzia 16 hadi 23, kila mmoja una asilimia 10. Kwenye ada ya milioni 75, fungu ni milioni 3.75. Aliyekaa naye msimu mmoja akiwa na miaka 14 anastahili euro 187,500. Akiwa na 17, euro 375,000. Na zikikosekana, si kwamba Wazungu wamekula, kama mlivyodokeza. Mara nyingi mtoto hakusajiliwa kwenye shirikisho: hana tarehe ya kuingia wala ya kutoka, na pasipoti yake ya mchezaji, yaani rekodi ya klabu alizosajiliwa, ina pengo. Daftari la kocha lenye majina ya penseli halimlipi mtu.

Mmesema pia kuwa Ujerumani "alipotea". Kweli, akiwa Wolfsburg hakufunga hata bao moja la Bundesliga, ligi kuu ya huko. Lakini kuchezea Charleroi ya Ubelgiji kwa mkopo kuanzia mwaka 2018 ndiko kulikomfufua, akapita Lille ya Ufaransa, akafika Napoli 2020, na msimu wa 2022/23 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, mabao 26. Charleroi mmeipa nusu sentensi.

Halafu chini ya habari hiyohiyo mnachapisha tangazo la majaribio Ulaya, malipo kabla, umri miaka 15! Osimhen mwenyewe alizaliwa Desemba 29, 1998, na Wolfsburg walimchukua Januari 2017, siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Mnadhani ilisadifu? Mtoto wa Temeke hasajiliwi Ulaya kabla ya kutimiza miaka 18, labda, kwa mfano, wazazi wawe wamehamia huko kwa shughuli zisizo za mpira.

Ushauri wangu: kila Jumatatu ondoeni utabiri wa nyota, wekeni kiboksi cha sentimita 6: nani ameuza, nani amenunua, nani alimlea. Wenye nyota ya Ng'ombe watatuwia radhi. Na ile karatasi ya kinyozi mje kuibandua wenyewe. Mimi nimejaribu, kumbe alitumia gundi ya viatu.

Msomaji wenu,
Temeke