Mabaki ya ndege si sufuria

Mhariri,

Malindi ilidondoshewa mabomu na ndege za Italia Oktoba 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka huohuo Waafrika Kusini walirusha Junkers Ju 86, ndege za mabomu zilizobuniwa Ujerumani, kutoka Kenya. Leo duniani ya aina hiyo imebaki moja tu nzima, huko Uswidi. Basi kipande cha ndege kilichonaswa baharini na jarife, wavu wa wavuvi, kisikimbizwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kikapimwe kilo na kuyeyushwa kiwe sufuria.

Utakijua: sumaku haikishiki, kina safu za ribiti (pini za kuunganishia mabati), na palipopita boliti ya chuma pamegeuka unga mweupe, kwani alumini na chuma vikikutana katika maji ya chumvi, huliwa alumini. Brashi ya waya marufuku! Huondoa rangi na mihuri ya wakaguzi, nayo ndiyo ushahidi wenyewe. Kiloweke maji matamu, uyabadilishe kila siku kwa wiki kadhaa, kisha tafuta kibati chenye maandishi ya utambulisho. Herufi AM (Air Ministry, Wizara ya Anga) chini ya taji ni za Waingereza. "Matricola", yaani namba ya usajili, ni Kiitaliano. Aina ya injini pekee haitoshi kuitambua ndege: injini ya Bristol Pegasus ilifungwa kwenye ndege za Kiingereza za Wellington, Hampden na hata Sunderland.

Piga picha kando ya rula, andika kina na mahali, upeleke habari Makumbusho. Kinachofanana na bomu kiache palepale, uite polisi.

Wapenzi wa ndege za kale,
Malindi