Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nani Anaiendesha Programu Yetu?

Ndugu wanachama,

Mweka hazina ameshawatumia hesabu zilizokaguliwa, nami sina la kuongeza hapo. Nitakaa kwenye suala la watu, maana mwaka huu mkurugenzi wa programu yetu, inayowafadhili waandishi wa habari kusoma chuo kikuu kwa mwaka mmoja, amestaafu, mratibu ameondoka, na chuo kikuu kikatuomba sisi tuliopitia ufadhili huu tuseme ni watu wa aina gani wawarithi.

Kuhusu mkurugenzi tulivutana sana kwenye kamati. Wapo waliotaka msomi mwenye shahada ya uzamivu, ambaye maprofesa watamsikiliza. Wengine, nikiwamo mimi, tulitaka mhariri aliyewahi kubeba uamuzi wa kuchapa au kutochapa habari nzito. Wenzetu waliotaka msomi walileta hoja ya Nieman, programu ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofanana na yetu, na ni hoja yenye uzito: James Thomson, mwanahistoria, aliiongoza kuanzia 1972 hadi 1984. Lakini tukiisoma historia hiyo tangu mwanzo, naona inatuelekeza kwingine. Programu ilianza 1938 kwa fedha za wosia wa Agnes Wahl Nieman, mjane wa Lucius Nieman wa gazeti la Milwaukee Journal. Wa kwanza kuisimamia alikuwa mshairi Archibald MacLeish, ambaye 1939 aliteuliwa kuongoza Maktaba ya Bunge la Marekani. Aliyeipa sura ni Louis Lyons, mwandishi wa Boston Globe, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye kundi la kwanza la wafadhiliwa. Aliishika hadi 1964. Alijua mwandishi anakuja na njaa gani, kwa kuwa naye aliwahi kuja nayo. Kwenye programu kama hiyo ya Chuo Kikuu cha Michigan nako, Charles Eisendrath, aliyetoka jarida la Time, aliongoza miaka 30, kuanzia 1986 hadi 2016.

Kamati ilikubaliana hatimaye kwamba uzoefu wa chumba cha habari uwe sharti, na shahada iwe nyongeza. Chuo kimelipokea pendekezo hilo na kumteua mhariri. Tumeshakutana naye, na nimeridhika.

Nafasi ya mratibu ndiyo inayoniumiza zaidi. Ilikaa wazi miezi kadhaa, na ndipo wengi walipoona kazi hiyo ni nini hasa. Mratibu ndiye anayeshughulikia barua za viza na bima ya afya, ndiye anayetafuta shule ya watoto, na ndiye anayejua profesa yupi atamkaribisha darasani mtu asiyefanya mtihani. Mfadhiliwa mmoja alifika na familia yake katika kipindi hicho. Mwenye nyumba alidai akaunti ya benki ndipo ampe mkataba. Benki ikadai mkataba wa nyumba ndipo imfungulie akaunti. Posho ya programu ilikuwa tayari, lakini haikuwa na pa kuingia. Mwanachama mwenzetu alijitolea kuwa mdhamini wa pango na jambo likaisha. Namshukuru kwa dhati, ila programu haiwezi kutegemea huruma ya mwanachama aliyetokea kuwa karibu.

Cheo hicho hulipwa kwa ruzuku ya muda. Ruzuku ikiisha, mtu anaondoka na kila alichojifunza. Fedha za wafadhiliwa zinatoka mfuko wa kudumu. Za wanaowahudumia wafadhiliwa hazitoki huko. Hilo si haki, na ni hatari.

Nasema hatari nikimfikiria Nat Nakasa, mwandishi wa habari aliyepata ufadhili wa Nieman. Aliondoka Afrika Kusini kwenda Harvard kwa kibali kilichomnyima haki ya kurudi. Mwaka wake wa masomo ukaisha, na Julai 1965 alifariki New York, akiwa na miaka 28. Mabaki yake yalirudi nyumbani 2014. Simtupii mtu lawama. Ninachosema ni kwamba waandishi kama yeye bado wanakuja, na wengine hawana pa kurudi. Anayeendesha programu lazima awe amewauliza mapema, katikati ya mwaka na si siku ya kuaga, wataelekea wapi.

Kwenye uteuzi, wanachama waliojitolea kusoma maombi walifanya kazi nzuri. Waliokuta jina la mfanyakazi mwenzao walijitoa wenyewe bila kusukumwa. Mchangiaji mmoja aliomba kiti kwenye kamati ya uteuzi. Mkurugenzi anayeondoka alikataa, ijapokuwa fedha zilikuwa zinahitajika, nasi tukakiandikia chuo barua ya kumuunga mkono mkurugenzi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumuenzi: mwandishi aliyechaguliwa kwa kumridhisha mtoa fedha hawezi tena kumwandika mtoa fedha huyo kwa uhuru.

Kwenye mkutano mkuu nitawasilisha azimio moja: tukiombe chuo kiajiri mratibu kwa mkataba wa kudumu, mshahara wake utoke mfuko wa kudumu unaowalipa wafadhiliwa, hata kama itabidi kundi lijalo lipungue kwa mfadhiliwa mmoja. Najua baadhi yenu mtalipinga. Njooni na hoja zenu, na mliokwama na viza, nyumba au shule ya watoto katika mwaka wenu, mwandikieni katibu kabla ya mkutano ili maelezo hayo yaambatanishwe na azimio.

Mwenyekiti