Kabla hatujakata makabati 40

Kabati moja la jikoni likikosewa kidogo, fundi analirekebisha kwa randa na msasa. Yakiwa 40, ruta ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) inalirudia kosa lilelile mara 40 bila kuchoka. Ndiyo maana oda ya idadi kubwa haipandi mashineni kabla sampuli moja haijaunganishwa na wewe kuikagua.

Tunaanza kwa kupima bodi. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi ni 17.4 au 17.6, na shehena mbili hazilingani. Mfereji wa rafu ukichongwa 18 kamili, rafu inacheza. Sisi tunachonga kwa unene tuliopima, tukiongeza 0.15 tu. Kwa hiyo ukileta bodi zako, zilete zote siku moja, za shehena moja. Utepe wa kingo nao una unene: wa milimita 1 ukibandikwa pande zote, mlango unaongezeka milimita 2 kwa upana na 2 kwa urefu, na lazima mchoro uzipunguze mapema.

Utaona pia vishimo kama masikio kwenye pembe za ndani. Si kosa. Biti, yaani kisu kinachozunguka cha ruta, ni duara. Ya milimita 6 huacha kona ya mviringo, na bodi yenye kona kali haiingii mpaka ichimbiwe nafasi.

Wengi wakiona mashine inakimbia huomba tuipunguze mwendo ili isiharibu bodi. Hapo ndipo inapoharibika. Biti ya meno 2 kwa mizunguko 18,000 kwa dakika, kila jino likila milimita 0.2, inatakiwa kwenda milimita 7,200 kwa dakika. Ishushe hadi 2,000 na kila jino linapata chini ya 0.06: linasugua badala ya kukata, joto linapanda, kingo zinaungua na biti inakuwa butu. Vumbi laini likianza kutoka kwenye plaiwudi badala ya chenga, tunasimamisha.

Vipande vidogo havishikwi vizuri na mfyonzo wa hewa wa meza, hivyo tunaviachia ngozi, tabaka jembamba lisilokatwa, ya milimita 0.4 chini na kuikata mwisho, taratibu.

Chagua bawaba kabla ya mchoro. Tundu la kikombe cha bawaba mlangoni ni milimita 35, lakini nafasi ya skrubu hutofautiana; ukibadili bawaba baada ya kukata, unanunua milango mipya. Gharama ya mchoro na sampuli hulipwa mara moja, oda ya marudio haiguswi nayo. Chini ya makabati matano, kwa kweli, fundi wa mkono atakufaa zaidi.