Mdogo wangu, ile voisi yako ya alfajiri

Mdogo wangu,

Voisi yako ya jana saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri niliisikiliza nikiwa bado kitandani, nasikia kabisa mtoto anakohoa kwa nyuma na we unanong'ona "dada, ana joto lakini sio sana, basi la shule linafika sasa hivi, nimpe panado aende au nimuache?" Nikakuandikia "muache", nikarudi kulala. Saa tano ukanitumia picha anaruka kwenye sofa, na chini yake umeandika umenipotezea siku ya kazi. Haya, nimekubali nilijibu kama mtu asiye na bosi. Leo nakujibu vizuri, na naandika hapa mbele za watu maana hiyo voisi kila mzazi wa Dar kashawahi kumtumia mtu. Jina lako sitaji, usijali.

Nianze na la kwangu ambalo sijawahi kukuambia. Mwanangu mkubwa akiwa darasa la kwanza aliamka hivyo hivyo, wa moto, macho yamelegea, na mimi siku hiyo nina kikao ambacho nilikuwa nimekiandalia wiki nzima. Nikampa panado ya maji, nikamfuta uso, tukakaa ngazini tunangoja basi na baada ya nusu saa joto limeshuka kabisa hadi nikajipongeza moyoni. Sasa piga hesabu. Panado inashusha joto kwa masaa manne mpaka sita hivi, ugonjwa wenyewe haiugusi. Nimempa saa kumi na moja, basi limezunguka mitaa yote ya Tabata, saa moja na nusu ndo wanaingia darasani, ikifika saa nne wanagawa uji dawa imeshaisha. Akamtapikia mwenzake wa dawati moja, akalazwa ofisini kwa walimu juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, ticha anapiga simu na simu yangu iko sailenti ndani ya begi. Mara saba. Nilivyofika ticha wala hakunigombeza, alisema tu "alikuwa anakuulizia mama." Tukapima, malaria.

Tangu siku hiyo mimi nina sheria moja tu, mtoto ambaye inabidi nimpe dawa ya kushusha joto ndo aweze kupanda gari, gari hapandi. Sio kwamba panado ni mbaya, mpe, alale, apumzike. Ila usimpe ili imdanganye ticha, maana wa kwanza kudanganyika ni wewe.

Na hilo "sio sana" lako ulilipima na nini? Mkono? Mkono uliotoka kuosha vyombo na maji ya bomba saa kumi na moja kila mtoto utamuona wa moto. Nunua themomita, ile ya namba, kwapani ikisoma 37.5 kwenda juu hiyo ni homa na mjadala umeisha hapo. Alafu ukishamuacha nyumbani usikae unamwangalia mpaka jioni, asubuhi hiyo hiyo akatobolewe kidole, kipimo cha malaria cha haraka majibu ndani ya nusu saa. Kikisema hana, usipitie duka la dawa kubeba mseto, ile dawa ya malaria, "kwa usalama", muulizeni daktari ni nini basi. Unakumbuka 2019 dengue ilivyotupitia hapa mjini, watu wanameza mseto na malaria hawana, na wengine wanajiongezea diklofenaki za maumivu ambazo kwenye dengue ndo hazitakiwi kabisa maana zinaweza kuchochea damu kutoka. Na yule mbu wa dengue anang'ata mchana, chandarua chako cha usiku hakimsaidii mtoto aliyekaa darasani.

Kikisema anayo, basi ujue atapewa mseto, dozi sita za siku tatu, ya pili masaa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, anywe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Hapa ndo tunapoharibu. Siku ya pili mtoto anacheza, tunamrudisha shule, dozi ya asubuhi imesahaulika kwenye kukimbizana na basi, na zilizobaki zinawekwa kwenye droo zimsubiri mtoto mwingine. Usicheke, nilizikuta kwako Pasaka.

Mafua lakini, mafua matupu, hana homa, anakula, anasumbua wenzake kama kawaida, huyo aende. Ukimuweka nyumbani kwa kila kamasi muhula utaisha bado yuko na katuni. Hata mapunye, muanzishie dawa aende, usimfungie kwa aibu ya watu. Kuhara na kutapika abaki, mpe ORS na vidonge vya zinki siku kumi mpaka kumi na nne hata kama kuhara kumekata, na mpaka imalizike siku nzima hajaharisha ndo umfikirie shule, kwa sababu unavijua vyoo vya shule na unajua sabuni huwa iko wapi (ofisini kwa mwalimu mkuu, imefungiwa). Tetekuwanga mpaka vipele vyote vikauke viwe magamba, na usimpe aspirini. Macho mekundu nadhani sihitaji kukukumbusha Januari 2024, mtaa mzima tumevaa miwani ya jua kama wasanii, na watu wakaanza kuoshana macho na chumvi na majani ya chai na mpaka mikojo, wizara inapiga kelele acheni na watu wanaendelea tu. Yale yalikuwa ya virusi, yanaisha yenyewe, kinachotakiwa ni usafi, kila mtu na taulo lake, na mtoto asikae katikati ya wenzake arobaini.

Alafu kuna tumbo. Hili ndo linanichosha akili. Wa kati wangu alikuwa anaumwa tumbo kila Alhamisi, hana homa, haharishi, chai anakunywa, basi likishapita tumbo limepona. Nikasema huyu anadeka, nikampeleka kwa nguvu wiki tatu, analia mpaka mlangoni kwa basi. Wiki ya nne nikamuacha, nikakaa naye tunachambua mchele, wala sijamuuliza kitu, akaniambia mwenyewe, Alhamisi ni jaribio la hesabu na anayekosa anachapwa kila swali fimbo moja. Kumbe tumbo lilikuwa linauma kweli. Siku ile ya kubaki nyumbani ilinisaidia kuliko dawa yoyote, kesho yake nilikuwa shuleni kuongea na ticha.

Najua utasema haya yote dada yanataka mtu mwenye muda. Ni kweli, na hapo sikubishii. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mwajiriwa siku nne za malipo kwa ajili ya mtoto kuumwa, nne, na sio za mwaka, ni za mzunguko wa miezi 36, na humo humo ndo utoe misiba ya wazazi na ndugu. Mtoto mmoja wa chekechea anazimaliza kabla ya mvua za masika. Na we hapo dukani kwa mtu wala hujui kama una mkataba. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunawapeleka watoto wagonjwa kwa sababu ya masomo, darasa la pili anakosa nini cha siku moja, tunawapeleka kwa sababu hatuna pa kuwaweka.

Mimi Jumatano na Ijumaa nafanyia kazi nyumbani, mlete, hata alfajiri, usiulize. Siku nyingine mwachie dada wa kazi, ila umuachie maneno yanayoeleweka: akitapika kila anachokunywa, akikataa kunywa kabisa, akipata degedege, akilegea hashtuki ukimwita, akihema mbio na mbavu zinaingia ndani, anachukua bajaji anaenda naye hospitali kwanza, simu anatupigia njiani. Hela ya hiyo bajaji ikae juu ya friji na isiguswe hata kwa vocha.

Na kuhusu jana, kama tulikosea tukamuacha mtoto mzima nyumbani, mimi hilo kosa nalichukua, niko tayari kulirudia. Ila sina uhakika kama tulikosea, maana kwenye voisi nilisikia chupa ya dawa inatikiswa. Sasa nijibu mdogo wangu, huyo aliyekuwa anaruka sofa saa tano, panado ulimpa saa ngapi?