Risala ya Kikundi cha Wazungumzaji wa Kiswahili, Kaskazini mwa Welisi, kwa Mgeni Rasmi katika Ziara ya Kanisa Kuu la St Asaph

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu mstaafu; mama yetu mpendwa uliyefuatana naye; wazee wetu, wazazi wenzetu na watoto wetu: Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu tulio nao hapa, Asalaam aleikum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha St Asaph, mji ambao wenyeji wanauita Llanelwy. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu ukiwa katika likizo yako fupi ya kuwaona wajukuu. Baba Askofu, wewe umefundisha historia ya kanisa kwa miaka mingi, nasi tunalijua hilo. Hata hivyo tumeona si vibaya tukueleze kwa maneno yetu wenyewe kwa nini tulichagua kukuleta hapa na si kwenye makanisa makubwa zaidi ya Liverpool au London.

Sisi ni Watanzania, Wakenya na Wakongomani tunaoishi upande huu wa kaskazini mwa Welisi (Wales). Wengi wetu ni wauguzi na wahudumu wa wazee, wengine wanafunzi. Jumamosi moja ya kila mwezi tunakutana kuwafundisha watoto wetu kusoma na kuandika Kiswahili. Tuko Waanglikana, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na kinachotukusanya ni lugha. Ndiyo sababu kanisa hili linatugusa.

Kwa mapokeo, mwanzo wake ni karne ya 6. Mtakatifu Kentigern, yule ambaye watu wa Glasgow wanamwita Mungo, alifukuzwa kwao Uskoti akajenga nyumba ya watawa kando ya mto Elwy. Aliporudi kwao alimwachia kazi mwanafunzi wake Asaph, na jina la Asaph likabaki kwa kanisa na kwa mji. Dayosisi kwa mpangilio wa Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, ilianza mwaka 1143. Kuanzia hapo, Baba Askofu, historia ya jengo hili ni historia ya moto. Mwaka 1282 majeshi ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza yalilichoma yalipokuwa yakiiteka Welisi. Mfalme alipenda makao ya askofu yahamishiwe Rhuddlan, chini ya kivuli cha ngome yake, lakini kanisa likajengwa upya pale pale lilipokuwa. Mwaka 1402 likaungua tena, safari hii mikononi mwa wapiganaji wa Owain Glyndŵr, Mwelisi mwenyewe aliyeasi dhidi ya utawala wa Uingereza. Lilikaa muda mrefu bila paa mpaka Askofu Redman alipolitengeneza mwishoni mwa karne hiyo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17 likageuzwa zizi la mifugo, na mwaka 1714 dhoruba ikauharibu mnara. Kanisa lililochomwa na mvamizi, kisha likachomwa na mwana wa nchi, na bado watu wakachukua mawe yale yale wakaanza upya: hilo peke yake lingetosha kutuleta hapa.

Asubuhi tulipoingia, watoto waliuliza maswali mengi kuhusu nguzo. Walikuwa na haki. Nguzo za ukumbi mkubwa hazina vichwa. Jiwe linapanda kutoka sakafuni na kujikunja kuwa tao bila pambo lolote katikati. Ni kazi ya karne ya 14, kavu na imara. Mbele zaidi, kwenye nafasi ya wanakwaya, mambo yanabadilika kabisa: viti vya mbao vyenye paa dogo lililochongwa juu ya kila kiti, vya mwishoni mwa karne ya 15. Sehemu nyingine nyingi za ndani zina mkono wa msanifu majengo George Gilbert Scott, aliyelikarabati kuanzia mwaka 1867. Kanisa lenyewe lina urefu wa mita 55 hivi, nalo linahesabiwa kuwa dogo kuliko makanisa makuu yote ya kale ya Uingereza na Welisi.

Lakini kilichotuleta hasa ni kitabu kimoja kilichomo humo ndani, na mnara wa ukumbusho uliopo nje kwenye nyasi.

Mwaka 1563, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge liliamuru maaskofu wa Welisi wahakikishe Biblia na kitabu cha sala vinatafsiriwa kwa Kiwelisi. Sheria hiyo hiyo iliagiza Biblia ya Kiingereza iwekwe kanisani kando ya ile ya Kiwelisi, ili watu wakilinganisha wajifunze Kiingereza. Waliotunga sheria waliitazama tafsiri kama daraja la kuvukia kwenda kwenye lugha ya watawala. Miaka michache baadaye, mwaka 1567, Agano Jipya lilitoka kwa kazi ya mwanazuoni William Salesbury, Askofu Richard Davies na Thomas Huet. Davies alikuwa askofu wa hapa St Asaph kwa muda mfupi kabla ya kuhamishwa. Hata hivyo tahajia ya Salesbury iliwapa wasomaji shida, na Agano la Kale lilikuwa bado.

Kazi iliyobaki ikamwangukia padre wa kijijini. William Morgan alizaliwa Penmachno, mtoto wa familia ya wakulima, akasoma Cambridge, akawa padre wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant, mbali kabisa milimani. Huko aligombana na baadhi ya waumini wake mpaka wakapelekana mahakamani. Katikati ya kesi hizo aliketi na Kiebrania na Kigiriki akatafsiri Agano la Kale na kulirekebisha Agano Jipya la Salesbury, ikawa Biblia nzima kwa Kiwelisi. Kisha akaenda kukaa London kusimamia uchapaji, maana wapiga chapa wale hawakuijua lugha waliyokuwa wakiipanga herufi kwa herufi. Alikaribishwa nyumbani kwa Gabriel Goodman, mkuu wa Westminster Abbey, mtu wa Ruthin, si mbali na hapa. Biblia ikatoka mwaka 1588.

Morgan akawa askofu wa Llandaff mwaka 1595, akahamishiwa St Asaph mwaka 1601, akafariki mwaka 1604 na kuzikwa hapa. Aliyemfuata kwenye kiti, Richard Parry, alisimamia toleo lililorekebishwa la mwaka 1620 akishirikiana na mwanazuoni John Davies wa Mallwyd. Mwaka 1630 likatoka toleo dogo ambalo familia ingeweza kuwa nalo nyumbani. Nakala ya ile ya 1588 ndiyo tuliyoitazama leo, na mnara ule wa mwaka 1892 umewekwa kwa heshima ya watafsiri hao wote.

Baba Askofu, tuseme wazi tunachoamini. Bila Biblia ile, Kiwelisi kingekuwa leo lugha ya makumbusho. Kilikuwa kimekwisha kuondolewa mahakamani na serikalini kwa sheria ya mwaka 1536. Kanisani kikabaki na mahali pake, kikasomwa kwa sauti kila Jumapili, kwa lugha safi ambayo mkulima wa kaskazini na wa kusini wote waliielewa. Karne ya 18 padre Griffith Jones alitumia Biblia hiyo katika shule zake za kuzunguka, ambamo watu wazima na watoto walijifunza kusoma kwa lugha yao wenyewe. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 wanaozungumza Kiwelisi nchini Welisi, asilimia 17.8. Wenyeji wenyewe wanasema idadi hiyo haitoshi na wanahangaika kuiongeza, lakini lugha iko hai na watoto wanaichezea uwanjani.

Na uzi huu unafika kwetu. Mwaka 1800 msichana wa miaka 15, Mary Jones, alitembea zaidi ya kilomita 40 mpaka mji wa Bala kununua Biblia ya Kiwelisi kwa mhubiri Thomas Charles. Habari ya uhaba wa Biblia huku ilichangia kuanzishwa kwa Chama cha Biblia jijini London mwaka 1804. Chama hicho ndicho kilichochapisha kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyekaa Mkunazini akitafsiri, akajenga kanisa pale palipokuwa soko la watumwa, akafariki mwaka 1882; Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka mwaka 1891. Biblia aliyosoma bibi yako, Baba Askofu, ina undugu na ile iliyomo chini ya kioo kule ndani.

Kuna uzi mwingine, mchungu, na hatutaki kuuruka. Katika mji huu huu ilikuwepo nyumba ya mafukara, ambamo mtoto aliyeitwa John Rowlands alilelewa kuanzia mwaka 1847. Dunia inamjua kama Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kisha akamfanyia kazi Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo. Wenzetu Wakongomani hapa wanajua kilichofuata, na tulipopita walisimama kimya mbele ya nguzo ya kumbukumbu yake. Tunawafundisha watoto habari zake zote, za mtoto asiye na kwao na za mtu aliyefungulia njia mateso ya wengine.

Kuhusu nafasi ya kanisa katika nchi, tutaje jambo moja tu. Wawelisi wengi wa karne ya 19 walikuwa watu wa makanisa mengine, na walichukia kulipa zaka kwa kanisa la serikali ambalo hawakusali humo. Ugomvi ulikuwa mkali, hasa huku kaskazini. Mwishowe, mwaka 1920, Kanisa la Anglikana la Welisi lilitenganishwa na serikali. Askofu wa St Asaph, Alfred George Edwards, aliyekuwa amepinga hatua hiyo kwa nguvu zote, ndiye aliyechaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Welisi. Akasimikwa hapa hapa, na Waziri Mkuu David Lloyd George, mpinzani wake wa miaka mingi, akahudhuria. Sisi tuliotoka kwenye nchi zenye dini nyingi tunaliona tendo hilo kuwa kubwa.

Siku hizi kanisa linaendelea na sala za kila siku, na tangu mwaka 1972 ni nyumba ya tamasha la muziki lililoanzishwa na mtunzi William Mathias, ambaye kaburi lake liko nje. Mwaka 2012 St Asaph ilipewa hadhi ya jiji, ingawa wakazi wake hawafiki 4,000.

Baba Askofu, changamoto yetu ni ile unayoijua. Watoto wetu wanatuelewa tukisema Kiswahili, lakini wanatujibu kwa Kiingereza, na wengine sasa kwa Kiwelisi walichofundishwa shuleni. Hicho Kiwelisi tunakifurahia. Tunachoogopa ni kwamba vitabu tulivyo navyo vya Kiswahili ni vichache na vimechakaa. Tunaomba, utakaporudi nyumbani, utusaidie kupata Biblia, vitabu vya nyimbo na vitabu vya hadithi vya shule ya msingi. Gharama za kusafirisha tumekwisha kuzichangia. Tunaomba pia utuunganishe na shule moja ya parokia ambayo watoto wake wataandikiana barua na hawa wetu. Na kwa leo, kabla ya chakula, tunaomba utusomee sura ya kwanza ya Injili ya Yohana kwa Kiswahili, taratibu, nasi tuirekodi ili tuitumie darasani. Ndugu zetu Waislamu wamekubali, na wao wamemwandaa kijana wao aghani shairi mara baada yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi